Pumzi ya Tangi

Fundi alijua gari linakufa kabla halijafa. Lilikohoa mara mbili, akakanyaga mafuta hadi chini lisimsikie, kisha likazima katikati ya uchochoro, ukuta wa ghala kulia na ukuta wa chuo kushoto. Barabara kuu ilikuwa imefungwa, ndiyo maana akajitia kukata njia, na ili apenye alikuwa amekunja hata vioo vya pembeni. Milango isingefunguka zaidi ya upana wa kiganja.

Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wake. Mbele asingekaa, maana mama mkwe gani hukaa bega kwa bega na mume wa binti yake? Mkoba ulikuwa mapajani, na ndani yake mlikuwa na tiketi mbili za basi la saa tisa alasiri, yake na ya binti yake. Sasa ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Binti huyo, mwalimu, alikuwa ametangulia stendi na mizigo. Anarudi kwao. Usitafute mwanamke mwingine wala vyombo vilivyovunjwa, havikuwepo. Alichoka tu. Magari ya mji mzima yalipona mikononi mwa mumewe, lakini bomba la jikoni kwake lilivuja miaka miwili, na gari lao lilinuka dizeli hadi wanafunzi wakambandika mwalimu wao jina la Mama Pipa. Kila alipolalamika, Fundi alijibu "bado kidogo," akageuka upande wa pili akalala.

Basi asubuhi hiyo, mke ameshafunga mizigo, ndipo Fundi alipoamka na bidii. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea. Alikikatia kipande cha mpira wa tairi, akakipaka gundi, akakizungushia waya na kukaza hadi mishipa ikamtoka. Harufu ikakatika. Akaomba ampeleke mama mkwe stendi mwenyewe, ili mke wake aingize kichwa garini anuse, aone amebadilika. Akili ya mwanamume aliyechelewa ndiyo hiyo.

Alijaribu ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu, betri nzima, injini haishiki. Mshale ulionyesha tangi limejaa nusu. Akaomba radhi, akapita juu ya viti na masanduku ya spana huku akijikunyata asimguse mama mkwe, akatokea buti, akapanda juu ya paa na kushukia mbele. Mama mwenye magoti yale asingeweza safari hiyo. Dirisha lake nalo halikushuka, kwa kuwa mkono wa kushushia kioo ulivunjika mwaka jana. Mpya alikuwa ameshanunua. Ulikuwa kwenye kisanduku cha dashibodi, bado una karatasi yake.

Chini ya boneti alibonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Kwa kawaida hujaa ikawa ngumu. Hii ilibonyea ikakaa vivyo hivyo, haikurudi. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa akitazamia dizeli au mapovu, kumbe ikafyonza hewa ndani. Kitu kilikuwa kinayazuia mafuta huko nyuma.  Injini ikinywa dizeli, hewa lazima iingie tangini ichukue nafasi yake, na yeye ameziba kila tundu kwa mpira. Kosa hilo angelifanya fundi mwenzake, angemcheka wiki nzima.

Alipanda tena paa, akashukia nyuma, akapenyeza mkono kati ya ukuta na bodi. Alikata waya, akazungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi ndefu, hiiiiii, kisha kimya.

Ndani ya gari simu ililia. Alimsikia mama mkwe akimwambia binti yake kwamba wamekwama, na alisikia alivyojibiwa, maana mama alirudia kwa sauti: hapandi basi bila mama yake, na basi lingine ni baada ya siku nne.

Siku nne. Fundi alisimama na kifuniko mkononi. Ndani ya siku nne bomba lingetengenezwa. Angeomba msamaha kwa utulivu, si kwa kukimbilia dirisha la basi. Akakirudisha kifuniko mahali pake, taratibu, akakikaza.

"Tayari, baba?" mama mkwe aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Alirudi mbele akainamia injini, akawa anagonga spana kwenye chuma kisicho na kosa lolote. Jua liliingia uchochoroni likatua juu ya paa. Kila alipochungulia kando ya boneti alimwona mama mkwe kupitia kioo cha mbele, akijipepea kwa bahasha ya tiketi, kanga imemlowa shingoni. Mara moja alisukuma mlango, ukagonga ukuta, akauvuta tena. Fundi aliona aibu, na bado akaendelea kugonga. Ikafika saa nane na nusu. Ikapita.

"Baba," mama mkwe aliita. Hakupandisha sauti. "Njoo karibu."

Fundi akashusha boneti, akapanda juu yake, akainamia dirisha la dereva lililokuwa wazi nusu.

"Nimeuza mafuta ya taa kwa pipa miaka ishirini. Pipa likivuta pumzi nalisikia nikiwa usingizini. Hili limevuta nikiwa nimeliegemea, nawe ukaniambia bado." Alijifuta jasho. "Mlango haufunguki, dirisha halishuki, na mwenye uwezo wa kunitoa ananiambia bado. Mimi nimekaa hivi nusu saa tu, baba. Mwanangu amekaa miaka sita."

Fundi alipanda paa, akashukia nyuma. Alifungua kifuniko, akaubandua ule mpira wote na kuutupa. Akarudi mbele, akafunua boneti, akapiga pampu hadi ikawa ngumu, akaifunga na kuingia tena kupitia buti. Injini ilishika mara ya tatu, na harufu ya dizeli ikajaa garini kama zamani. 

Walifika stendi zimebaki dakika nane. Mke wake alimpokea mama mkoba, akamuuliza mumewe gari lilikuwa na nini.

"Tangi lilikosa hewa, nililiziba mimi," alisema. "Nikagundua mapema, nikamficha mama ili mchelewe."

 Mwalimu akamshukuru kwa kusema kweli, akamshika mama mkono wakapanda. Saa tisa kamili basi likaondoka.

Fundi alibaki kwenye maegesho. Alifungua kisanduku cha dashibodi, akautoa mkono wa kioo kwenye karatasi yake, akaufunga kwenye mlango wa nyuma na kuuzungusha. Kioo kikashuka chote. Kazi nzima ilimchukua dakika tano.