Magugu Ndani ya Kamba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nikitoka kwa mlango wa nyuma na kikombe cha chai ya rangi, nikipita penye birika kuukuu la maji, na kuingia kwenye gofu. Gofu hilo lilikuwa nyumba ya babu yake Bi Khola, mwenye nyumba wangu. Paa lake lilianguka kabla sijazaliwa. Zilibaki kuta tatu za mawe na chokaa, na mahali palipokuwa ukumbi paliota magugu. Humo nilikuwa nimepiga vijiti na kufunga kamba, miraba minne, na ndani ya kila mraba nilitazama nani ameota, nani amekauka, nani amemfunika nani. Nilikunywa chai yangu nimesimama. Hakuna aliyenisemesha. Ilikuwa saa niliyoipenda kuliko zote za siku.

Asubuhi hiyo nilimkuta Bi Khola ameketi katikati ya gofu, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono imejaa udongo hadi kwenye bangili.

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo hapa uone."

Nikaenda, nikaona. Ndani ya kamba hamkuwa na kitu. Udongo ulikuwa mtupu, umesawazishwa kwa kiganja. Nje ya kamba magugu yalisimama vilevile kama jana, hakuna hata unyasi uliong'olewa. Bi Khola alikuwa amepalilia mlemle nilimokuwa nikitazama, kisha akazikaza na kamba zilizolegea.

"Tangu nimalize kusali niko hapa," alisema, akijipangusa kwa ncha ya leso. "Nakuona mwaka mzima wafunga kamba, wainama, wapima, hulimi. Nikasema, mtoto huyu hana jembe na yuwaona haya kuniomba. Sasa panda utakacho."

"Ahsante, Bi Khola," nilisema. Sauti ilitoka nzuri kabisa.

Nilikwenda shule kwa miguu ili nipate muda wa kulia kabla sijafika Tononoka. Nilikuwa nikifundisha bayolojia huko, na kufundisha kulinishinda. Darasa la wavulana hamsini halimsikii mtu anayezungumza kama anayeomba maji. Kazi niliyoitaka ilikuwa ya Bwana Mung'aro, mwalimu wangu wa chuo, aliyekuwa akitafuta msaidizi wa kutembea naye pwani yote akichunguza jinsi mimea inavyokaa pamoja. Hakutaka vyeti. Aliniambia nitafute kipande cha ardhi, nikitazame mwaka mzima bila kukigusa, naye atakuja baada ya masika akione kwa macho yake.

Swali langu lilikuwa dogo. Ukoka una nguvu. Hutambaa, hushona ardhi, hunywa maji kabla ya wengine. Mbona haukuwa umelimeza gofu lote? Nilitazama mpaka nikaanza kuona. Chini ya mbarika mrefu palikuwa na kivuli, na kivulini ukoka ulikuwa dhaifu, basi hapo kongwe ilijitandaza na maua yake ya samawati. Kando ya ukuta, penye vifusi na jua kali, lilikaa tako la hasani, lenye majani manene yanayoweka maji. Mchunga ulishusha mzizi mmoja chini kabisa, mahali ukoka haukufika. Hawakuwa wakipendana. Walinyimana maji na jua kila siku ya Mungu. Lakini hakuna aliyekuwa hodari kila pembe na kila mwezi, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuwamaliza wenzake.

Nilimweleza Wekesa yaliyotokea. Wekesa alifundisha kemia, mtu wa Bungoma, na meza yake ilikuwa karibu na yangu.

"Ati amepalilia utafiti?" Alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Pole, mwalimu. Pole sana. Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ahsante."

"Ahsante! Wewe nyumba yako ikiungua utashukuru kwa kuwa umeona mwangaza."

"Amepiga magoti tangu alfajiri, Wekesa. Na magoti yenyewe yanamuuma."

"Basi magoti yake ni mazima kuliko ulimi wako. Mpigie huyo Mung'aro simu kabla hujaanza kulia tena, watoto wanakuona."

Nilipiga simu kwenye kibanda cha posta. Bwana Mung'aro alisikiliza habari yote, kisha akauliza kama mizizi yote ilitoka.

"Mingine imebaki," nilisema.

"Na nje ya kamba yapo?"

"Yapo yote."

"Basi hujapoteza. Masika hiyo yaja. Sasa tazama nani anarudi kwanza, na huyo wa kwanza, je, anawafungia wenzake mlango au anawafungulia? Watu hungoja miaka kuona hivyo." Nilianza kushukuru, akanikatiza. "Lakini asiguse mtu tena, Sidi. Nikikuta pameguswa mara ya pili sitakuwa na cha kuangalia, na sitaweza kukuchukua. Nimeeleweka?"

Nilisema nimemwelewa.

Mvua ikanyesha. Baada ya siku chache udongo wa miraba ukawa na vidoa vya kijani, vidogo kama uwatu. Niliinama na chai yangu nikashindwa hata kuinywa kwa furaha. Ukoka ulikuwa ukichungulia kutoka pembeni, lakini mbele yake, katikati, tako la hasani lilikuwa limekwisha kuota kutokana na mbegu zilizolala ardhini. Siku ya pili yake halikuwapo. Nilimkuta Bi Khola ameketi juu ya mbuzi, amepakata ungo.

"Kwa kweli mambo haya hayana aibu," alisema. "Nimeyang'oa jana, leo yamerudi. Hata jina lake halina aibu. Hasani mwenyewe angalijua makalio yake yatasambaa hivi!"

Nilicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa nguvu. "Usijisumbue, Bi Khola. Pumzisha magoti."

"Hata! Si usumbufu."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa watu wa Bi Khola, mtu akikataa kusaidiwa mara ya kwanza anaonyesha adabu. Akikataa mara ya pili ni kwamba ana adabu zaidi, na anastahili kusaidiwa zaidi. Kwetu Kaloleni pia hatuko mbali na hayo. Kila nilipomwambia asijisumbue, kesho yake aliamka mapema kuliko jana. Nikaamua kuamka kabla yake. Akafurahi kwamba tumekuwa wawili, akaniletea kibao changu cha kukalia.

Nikajaribu kuzungukia mbali. "Magugu mengine yana faida, Bi Khola."

"Wanifunza mimi? Mchunga ni dawa ya tumbo." Akaung'oa na mzizi wake wote, ule mzizi mrefu, akanipa. "Shika. Kauchemshe."

Nilikaa chumbani kwangu na mchunga ule mkononi. Niliwaza kwamba niliipenda mimea kwa sababu sikuhitaji kusema nayo, nikadhani ni viumbe vya kimya kama mimi. Haikuwa kweli. Kongwe haimpishi mtu kwa haya. Ikipata upenyo inaingia, na jirani yake anajua kwamba imeingia. Kila mmoja pale gofuni alikuwa akisukuma mpaka aliposukumwa, na hivyo ndivyo walivyojuana mipaka. Mimi nilikuwa nimeishi na Bi Khola miaka miwili bila yeye kujua mpaka wangu hata mmoja. Tangu binti yake aolewe Maskati alikuwa peke yake katika nyumba ile yenye vyumba vya mwangwi. Niliona nikisema neno moja tu, mikono ile yenye bangili haitapata tena cha kufanya asubuhi. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini kusema kweli niliogopa uso wake ungekuwaje.

Wiki ya mwisho kabla ya Bwana Mung'aro kuja, Bi Khola alikwenda kwa mganga wa mifupa Majengo, na dada yake akamlaza kitandani kwake huko huko. Nilimwombea apone, na niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Kwa siku zile chache miraba ilijaa. Tako la hasani lilitandaa likafunika udongo usikauke, na chini ya ubaridi wake niliona miche ya kongwe, na mche mmoja wa mbarika wenye majani mawili ya mviringo. Wa kwanza alikuwa akiwafungulia wenzake. Palikuwa pameguswa zaidi ya alivyoniruhusu Bwana Mung'aro, lakini jibu la kumwonyesha nilikuwa nalo, lingali hai, lina urefu wa kidole.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya Bwana Mung'aro kuja, nilirudi kutoka shule nikasikia bangili gofuni.

Bi Khola alikuwa amerudi. Pembeni yake palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa miche ya mrehani kutoka soko la Marikiti, imefungwa kwa gazeti bichi. Alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya mraba wa kwanza.

"Nimegundua," alisema bila kugeuka. "Huna mbegu. Ndiyo maana hupandi. Na haya zako! Haya, nimekununulia mrehani. Kesho yule mgeni wako uliyenitajia akija akute pananukia."

"Acha, Bi Khola, nitafanya mwenyewe."

"Nyamaza, mwanangu."

"Umechoka, umetoka mbali."

"Sikuchoka." Mkono wake ukashuka, vidole viwili vikaushika mche wa mbarika shingoni.

"Usiung'oe!"

Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi. Kunguru waliruka kutoka ukutani. Bi Khola aliuachilia mche, akanigeukia polepole, na uso wake ulikuwa vile vile nilivyouogopa.

"Wanipigia kelele mimi, Sidi?"

"Nakupigia kelele, Bi Khola. Nisamehe. Hayo magugu ndiyo shamba langu. Ndiyo kazi ninayoitafuta. Siku ile uling'oa kazi yangu ya mwaka mzima."

Alinitazama. Alitazama miraba, akautazama mkebe. "Nawe ukasema ahsante."

"Nilisema."

"Kila siku wasema ahsante."

"Ilikuwa ya kweli. Nilikushukuru wewe, sikushukuru kung'oa."

"Subhanallah. Mtu mzima na magoti yangu, nainama miezi na miezi naharibu, na msichana amesimama na chai yake anishukuru!" Sikujua kama atacheka au atalia, nadhani na yeye hakujua. Alijivuta, akaketi juu ya mbuzi, akapangusa udongo kidole kwa kidole. "Mimi sijui kusoma uso wa mtu, mwanangu. Binti yangu aliniambia hivyo alipoondoka. Basi leo sema. Wataka nini? Sema chote, usinifiche, nikusikie."

Nilipiga magoti mbele yake.

"Nataka magugu, Bi Khola. Nataka yaote yenyewe, yabanane yenyewe, nione nani atabaki. Sitaki mrehani. Sitaki uyaguse, hata kama ni mabaya, hata kama umeniona nainama. Na kesho asubuhi, na kila asubuhi, nataka utoke uje ukae hapa nami. Sitaki kusaidiwa. Nataka kukaa nawe."