Nyota ya Katikati

Mama alisema nyota ya katikati ataichagua dada mwenyewe, kwa kuwa mtoto ni wake na mgongo unaouma ni wake. Alikuwa akimwandalia mjukuu mfarishi wa viraka, miraba ya vitambaa vilivyounganishwa kwa mkono, kila mraba na nyota yake. Ilibaki miwili tu, wangu na wa mama mdogo. Mmoja ungekaa katikati. Mwingine ungewekwa pembeni, upande wa miguu, mahali ambapo mtoto angelowesha kwanza. Mimi sikushona nyota ya kulowa.

"Cherehani ni ya kazi za watu," Mama alikuwa amesema, akaifunika. "Cha mjukuu wangu kinashonwa kwa vidole."

Nilitaka nyota yangu iwake. Nilipekua gunia la mabaki chini ya meza ya Mama, nikatoa nyekundu ya sare za kwaya, njano ya pazia, na bluu ya gauni la mwalimu mmoja aliyenenepa kabla hajaja kulichukua. Nyekundu na njano nikazifanya nyota, bluu nikaizungusha pembeni. Nilishona mpaka vidole vikatoboka kama chujio. Kisha nikautandaza mraba sakafuni kando ya ule wa mama mdogo, wa kahawia na rangi ya maziwa, uliotulia kama mgonjwa aliyemeza dawa.

Dada akaja na kikombe chake cha chai, akainama alivyoweza.

"Hapa kwako naona rangi," akaniambia. "Nyota iko wapi?"

"Si hiyo hapo! Huna macho?"

"Ninayo. Ndiyo maana nauliza."

Mama mdogo alicheka hadi akashika ukuta. "Malenga wetu wa nyimbo kashika sindano! Kila rangi hapo inapiga kelele, hakuna inayomsikiliza mwenzake."

"Yako imelala, mama mdogo. Tuiguse tuone kama inapumua?"

"Chunga ulimi," Mama alisema, pini mdomoni.

Nilienda mlangoni, nikafinya macho nikatazama. Dada alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniunguza. Nyekundu na bluu zilikuwa zimekolea sawasawa. Kwa mbali zilimezana, ncha za nyota zikapotea.

"Dada, usichague kwanza."

"Nakungoja mpaka chai iishe."

Nikafumua bluu yote. Nikaweka nyota juu ya kitambaa cheusi. Dada akasema ni kibao cha duka la dawa. Juu ya cheupe ilionekana vizuri, ila kama imefungwa bandeji. Juu ya maua madogo madogo, mama mdogo akadai anasikia kizunguzungu. Chai ilikuwa imefika chini ya nusu. Hasira zikanipanda, nikaitupa nyota juu ya meza ya pasi.

Ikaangukia kitambaa cha Mama cha kupigia pasi. Mvuke ulikuwa umekifuta rangi kwa miaka mingi, sasa si kijivu wala si kijani. Nyekundu ikasogea mbele. Njano ikakaa ndani yake kama taa ndani ya chumba. Mama mdogo akaacha kucheka.

"Hicho hapana," Mama akasema upesi.

"Mama..."

"Nimesema hapana! Hicho kimeshauzoea mkono wangu."

Dada akaja na kikombe kitupu, akasimama mbele ya meza.

"Mama, mimi nataka hii."

Mama akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Akachukua mkasi mkubwa, akakikata mwenyewe, polepole, akikwepa alama ya kuungua. "Ukishona ovyo," akaniambia, "nitakufumua wewe."

Nikakaa dirishani kwenye mwanga, nikashona nikiimba. Haukupita muda, mama mdogo akavuta kiti karibu yangu. Alikuwa ameufumua mraba wake.

"Kimebaki?" akauliza, akitazama nje.

"Nini, mama mdogo?"

"Unajua nini. Usinichokoze."

Nilichana kipande kilichobaki, nikampa nusu iliyo kubwa.

"Naazima tu," akasema.

"Kitambaa kilichoshonwa utakirudishaje?"

"Nyamaza ushone," akasema, akalamba ncha ya uzi wake, akaanza kulitafuta tundu la sindano.