Pete Ndogo ya Mlango wa Lalla Zhor

Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Tayeb Lahbabi aliwasimamisha wageni wake kumi na saba mbele ya mlango wa mwerezi katika kichochoro kimoja cha mji wa Fes, Moroko. Walikuwa wamekwisha kuiona Rabat siku ya Jumapili na Meknes siku ya Jumatatu, na miguu ilikuwa imeanza kuwauma. Tayeb aliinua mwavuli wake wa manjano mpaka wa nyuma wakafika. Kisha akawaeleza, kwa Kifaransa kile kile alichokitumia kwa miaka thelathini na mmoja, kwamba milango ya zamani ya mji huu ina pete mbili za kubishia hodi. Ile kubwa ya juu ni ya wageni, na mlio wake ni mzito. Ile ndogo ya chini ni ya wenye nyumba, na mlio wake ni mwembamba, kwa hiyo mtu aliyeko ghorofani anajua kabla hajashuka kama anayebisha ni wa ndani au wa nje. Wageni walilipenda sana jambo hili. Kila msafara ulilipenda, na Tayeb si mtu wa kuacha kitu kinachopendwa.

Alibisha pete kubwa mara moja, akawaacha wausikilize mlio. Halafu akabisha ile ndogo mara tatu, haraka haraka, kama alivyozoea tangu utotoni, maana nyumba ile ilikuwa ya kwao.

Mlango ukafunguliwa na mama yake, aliyekuwa amekufa miaka tisa iliyopita.

Lalla Zhor alikuwa amevaa nguo za nyumbani na mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Miaka yote hii unabisha," alisema, "na mimi nikishuka ngazi na magoti haya, nakuta umeshaondoka. Leo nimekungojea hapa hapa chini."

Tayeb alimjibu kwamba yuko kazini. Mama akachungulia nyuma yake.

"Hawa wote ni wako?"

"Ni wageni, mama."

"Sasa unawaanika juani?"

Kufuli lilikuwa bado linaning'inia mlangoni kwa nje, limefungwa. Mhandisi mmoja mstaafu katika kundi alilitikisa kidogo, akasema bawaba ni za kazi nzuri. Wakaingia.

Nyumba hiyo iliuzwa miaka kumi na miwili iliyopita. Waliotia saini ni Tayeb na kaka yake Abdelilah, anayeishi Montreal. Mama hakuulizwa, aliambiwa tu. Walioinunua, mtu na mkewe kutoka ng'ambo, walitaka kuigeuza hoteli. Walikuja mara moja, wakaipiga picha dari, wakatia kufuli, hawakuonekana tena. Lalla Zhor alihamishiwa mji mpya, ghorofa ya nne, kwenye nyumba yenye kengele ya umeme. Kengele ile ililia sauti moja kwa kila mtu, awe mwanawe, awe muuza gesi, na mama akaacha kabisa kufungua mlango. Aliishi hivyo miaka mitatu, kisha akafa Ijumaa moja asubuhi.

Siku hiyo Tayeb alikuwa Marrakech, mbele ya makaburi ya masultani, na wageni kumi na wanane. Jirani alimpigia simu saa tano asubuhi. Naye akaipigia ofisi, ofisi ikamwambia haina mtu wa kumpokea kazi mpaka Jumapili, aamue mwenyewe. Akaamua. Aliwaeleza wageni habari za marumaru ya makaburi kwa dakika arobaini, na jioni akawapeleka uwanjani kuwaona wachezesha nyoka. Mama alizikwa na majirani baada ya sala ya alasiri. Kutoka Marrakech mpaka Fes ni mwendo wa saa saba, kwa hiyo hata angeondoka dakika ile ile asingewahi. Hesabu hiyo ni sahihi. Ameipiga mara nyingi mno na haijawahi kumsaidia.

Basi siku ile ya kwanza mama aliwakalisha wageni kwenye magodoro ya sebuleni, akawapa chai ya mnanaa na biskuti za lozi. Maji ya nyumba yalikatwa zamani, lakini chemchemi ya vigae ya uani ilikuwa inabubujika kama kawaida. Tayeb alikaa katikati akitafsiri. Alikuwa na neno moja tu la kumuuliza mama yake, kama amemsamehe. Lakini watu wa Fes hawazungumzi ya nyumbani wageni wakiwa wamekaa. Ni aibu isiyo na jina. Mama aliwauliza wageni habari za watoto wao, mmoja baada ya mwingine, na mtoto wake mwenyewe akawa anayapeleka maswali na kuyarudisha majibu. Dakika ishirini zikaisha. Mlangoni mama alimwambia, "Ukipata nafasi, njoo." Mlango ukafungwa, kufuli likiwa limefungwa vile vile.

Jioni alimsimulia Hammou, dereva wa basi, mtu wa milimani, wa Khenifra. Hammou alisema na kwao wapo. Babu yake marehemu huja kila mwaka wakati wa kunyoa kondoo, hasaidii chochote, anakosoa tu. Akauliza kama chai ilikuwa nzuri. Wageni nao waliisifia chai ile katika barua zao, na baada ya misafara mitatu bibi wa ofisini akaiingiza kwenye ratiba: Jumanne, chai kwa mama wa Fes, dakika ishirini na tano. Ili nafasi ipatikane, akapunguza muda wa duka la mazulia.

Tayeb hakuwa na mtu mwingine. Aliwahi kuoa, mke akachoka kuishi na sanduku la safari lililofungwa kila Jumamosi, akarudi kwao Tanja. Nyumba ya ghorofa ya nne alibaki nayo yeye. Wiki nzima alizungumza na watu mpaka sauti ikakwaruza, na katika maneno yote hayo hakuna hata moja lililokuwa lake. Nasema haya ili ieleweke kwa nini Jumatano moja, wageni walipopewa ruhusa ya kwenda kununua makubazi, alikwenda hamamu akaoga, akavaa kanzu safi, akaenda kwa mama yake peke yake.

Alisimama mlangoni kitambo. Alijipa moyo, akapoteza moyo, akajipa tena. Kisha akaishika pete ndogo kwa vidole viwili, akabisha polepole. Hakuna aliyeshuka. Akabisha tena, akangoja mpaka kivuli cha ukuta wa pili kikamfika miguuni. Fundi wa kibanda cha mkabala, anayechonga vitana vya pembe na kuitwa Si Maati, yaani Bwana Maati, alimwambia mama yumo, amemsikia akitwanga.

"Sasa mbona hafungui?"

"Hilo, Si Tayeb, mimi nachonga vitana tu."

Jumanne iliyofuata alibisha mara tatu mbele ya kundi, na mama akafungua papo hapo. Alipokuwa anamimina chai, birika juu na bilauri chini, alisema kwamba Jumatano alikuja mtu.

"Aliishika pete ya wenyewe, lakini hakubisha kama mwenyewe," alisema. "Alisimama kwanza. Nilikuwa ngazini, namsikia anahema. Mwanangu hasimami mlangoni, mwanangu ana haraka. Mtu anayesimama vile ana lake. Sikufungua."

Wageni waliuliza mama amesema nini. Tayeb akawaambia kwamba mnanaa huu ni wa Meknes, na hauna mfano.

Katika kundi hilo alikuwamo mjane mmoja wa Liège, Ubelgiji, Bi Odile, aliyekuwa hanunui kitu wala hapigi picha, anatazama nyuso tu. Yeye alimuuliza Lalla Zhor, kupitia kwa Tayeb, kama ana watoto. Lalla Zhor akasema anao wawili wa kiume. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitunguu, kwamba yeye alizikwa Ijumaa. Mikono iliyomshusha kaburini ilikuwa ya muuza mkaa na ya mume wa jirani, watu wema, Mungu awalipe. Mwana mmoja alikuwa ng'ambo. Mwingine alikuwa Marrakech anawaonyesha watu makaburi ya wengine.

Kwa kawaida Tayeb angesema tena habari za mnanaa. Safari hii, sijui ni uchovu au ni macho ya yule mjane, aliitafsiri habari yote ilivyo, neno kwa neno, akisema "mwanawe" kana kwamba anamtaja mtu wa mji wa mbali. Wageni wakaweka bilauri chini.

"Muulize kama amemsamehe," alisema Bi Odile.

Tayeb akageuka kwa mama yake. Hapa alikuwa na swali lake lenyewe, limeletwa kwenye sinia, na yeye analipwa kulisema. Akalisema.

"Mgeni anauliza kama umemsamehe."

Lalla Zhor alifuta ukingo wa sinia kwa kidole.

"Mwambie mgeni hilo swali lina mwenyewe," alisema. "Aje aniulize yeye, mimi na yeye, si kwa mdomo wa watu."

Watu kumi na sita walikuwa wanamtazama Tayeb.

"Anasema ndiyo," akawaambia. "Alimsamehe siku ile ile."

Bi Odile alijifuta macho. Wengine walipiga makofi kidogo, kwa adabu. Mama akauliza wanapigia nini makofi, Tayeb akamwambia wamezipenda biskuti. Mama akafurahi, akaleta sahani nyingine, na dakika ishirini na tano zikawa zimekwisha.

Usiku huo hakulala. Kesho yake wageni walipokwenda kwenye makubazi, hakwenda hamamu wala hakuvaa kanzu. Alivaa beji yake ya kazi, akauinua mwavuli, akaingia kichochoroni kwa mwendo wa haraka akisema Kifaransa kwa sauti ya juu: tahadhari na punda, tafadhali, tusiachane, upande wa kulia mnaona. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Si Maati alikivuta kigoda chake ndani ili kundi lipite.

Mlangoni Tayeb alieleza habari za pete mbili, mwanzo mpaka mwisho. Akabisha kubwa mara moja. Akabisha ndogo mara tatu, haraka haraka.

Mama akafungua.

"Wageni wako wapi?"

"Wako nyuma, wanakuja."

"Haya, pita uwangojee."

Alipanga bilauri kumi na saba kwenye sinia. Akatia majani na sukari, akaliacha birika juu ya makaa, kwa sababu mtu hamimini chai kabla wageni hawajafika. Kisha akakaa kwenye godoro la upande wa pili, akaweka mikono mapajani. Ilikuwa saa tisa. Hapakuwa na ratiba yoyote mpaka chakula cha jioni. Tangu nyumba ile iuzwe, hawakuwahi kukaa hivi, wawili tu, bila mtu wa kutafsiriwa.

Tayeb alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Yalikuwa machache na ya kawaida, mtoto wa miaka mitano angeweza kuyasema. Akafungua mdomo.

"Nyumba hii," alisema kwa Kifaransa, "ni ya karne ya kumi na nane, na ilijengwa na familia ya wafanyabiashara wa hariri."

Alijisikia akisema na hakuweza kujizuia. Alieleza vigae vya uani, jinsi vinavyokatwa kimoja kimoja kwa nyundo. Alieleza chokaa ya ukutani, iliyochorwa kabla haijakauka, maana ikikauka haiwezi kurekebishwa. Akaonyesha kwa mwavuli dari ya mwerezi, kisha chumba cha juu, akasema hapo ndipo bibi wa nyumba alipozalia wana wawili, na hapo dirishani ndipo alipokaa jioni kumngojea mdogo wao atoke madrasa. Machozi yalimtoka akiyasema haya, yakamfika kwenye beji, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kazini, iliyonyooka, ya mtu anayejua kundi lina njaa.

Lalla Zhor hakujua Kifaransa. Alimsikiliza mpaka mwisho, ametulia, akiitikia kwa kichwa pale sauti ilipotaka kuitikiwa. Mahali fulani katikati ya dari na chumba cha juu aliivuta shela yake kutoka mabegani, akajifunika nywele na shingo, kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume asiye wake. Tayeb alimwona akifanya hivyo, akaendelea kueleza.

Alipomaliza, mama alisimama kwa shida, akamsindikiza mpaka mlangoni, hatua mbili nyuma yake.

"Ahsante, bwana," alisema, ameinamisha macho. "Unaonekana umetoka mbali. Mwanangu akija nitamwambia ulikuwa unamtafuta."

Jumanne alikuja na watu ishirini na mmoja, na mama akafungua kabla ya pigo la tatu. Alimlalamikia kwamba amekonda. Alipokuwa anamimina chai alimweleza kuwa Jumatano alikuja bwana mmoja, mtu mzima, mwenye adabu, akaongea sana na kulia, asiseme anataka nini.

"Laiti ungekuwepo," alisema.

Wageni wakauliza mama amesema nini. Tayeb akawaambia anawakaribisha sana nyumbani kwake, na kwamba wamebakiwa na dakika kumi na tano.