Mikeka Juu ya Hodhi

Maati alikuwa mtia rangi za sufu mjini Fasi, kama baba yake na babu yake. Sasa afisa wa mazingira alikuwa amemwonya: akija kesho alasiri akakuta maji machafu ya karakana bado ya buluu, karakana inafungwa.

Binti yake Zhor, aliyesomea kemia, alikuwa ameleta mawe mekundu ya milimani. Aliyatwanga, akayachanganya na udongo ule ambao wanawake huoshea nywele hamamuni, akauchoma unga wake katika tanuri la mtaa.

"Mikate yangu leo inanuka mlima," mwoka mikate alilalamika.

"Basi pandisha bei," Zhor akamjibu.

Alfajiri aliumwaga unga huo katika hodhi la maji machafu.

"Jua likiupiga, unaitafuna rangi wenyewe. Wewe koroga tu, Baba."

Akaenda kazini. Aliporudi kabla ya adhuhuri, Maati alikuwa amekalia ndoo, uso umemshuka.

"Unga wako umelala, mwanangu. Nimekoroga mpaka bega linalia, na buluu iko pale pale."

Zhor akatazama. Hodhi zima lilikuwa limefunikwa mikeka ya matete, ila pembe moja ya kupitishia mti wa kukorogea.

"Baba! Nani kaweka mikeka?"

"Mimi. Nani huacha rangi juani? Si itapauka?"

"Si ndicho tunachotaka! Ipauke!"

Maisha yake yote jua lilikuwa mwizi wake. Utotoni alichapwa makofi kwa kusahau sufu juani. Leo mikono ndiyo iliyofunika, kichwa hakikuulizwa.

"Kosa langu pia," Zhor akasema kwa upole. "Nilisahau ninaongea na mtia rangi."

Wakaiondoa mikeka, wakakoroga kwa zamu, jasho likiwatiririka. Buluu ikafifia, ikafifia tena. Kisha wakaacha unga utuame.

Afisa alipofika, aliinama akitafuta kichupa chake cha kupimia. Maati hakumngoja. Alichovya fungu la sufu nyeupe, akalikamua. Likatoka jeupe.

Afisa alipima hata hivyo, akatikisa kichwa kukubali.

"Endelea na kazi, fundi. Lakini nitarudi."

"Karibu. Ila usije siku ya mawingu."

Alipomsindikiza, Maati aliona sufu mpya ya buluu imeanikwa mlangoni, jua limeivamia. Akaikimbilia, akaikumbatia.

"Zhor! Na hii nayo unataka ipauke?"