Inchi ya Babu

Bibi alimwita mjukuu wake Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Binti huyo alimaliza shule akitaka kitu kimoja tu: useremala. Bibi hakumkatisha tamaa. Alimtolea futi ya kupimia ya marehemu babu, iliyovunjika ncha ikapoteza inchi nzima ya kwanza.

"Hii inaanzia moja," alimwambia. "Ukitaka kumi, soma kumi na moja."

Mwezi mzima walipima milango, vitanda, hata paka aliyelala.

Siku ya majaribio, seremala mmoja aitwaye Fundi Taratibu alimpa msumeno, futi mpya ya karakana na ubao mmoja. "Nikatie miguu minne ya stuli, kila mmoja inchi kumi na nane. Ubao unatosha, hauzidi. Na nafasi ya kujifunza hapa ni moja, wenzio wanaisubiri."

Chiriku akapima, akakata. Mguu wa tatu ulipoanguka, akakitazama kipande kilichobaki. Mbona kifupi? Kukipima, kumi na tano. Ile mitatu, kumi na tisa kila mmoja. Mkono ulikuwa umeongeza inchi ya babu kwenye futi nzima.

Angeweza kusingizia ubao; nani angeupima tena? Akaweka msumeno chini.

"Fundi, nimekosea."

Akaitoa futi ya babu mfukoni, akaeleza yote bila kuruka neno. Fundi akakuna kidevu kilichojaa vumbi la mbao.

"Na babu yako alitengeneza nini na kilema hiki?"

"Kitanda cha bibi. Mpaka leo hakijalia."

"Haya, sasa utafanyaje?"

"Nikate yote iwe kumi na tano. Stuli itakuwa fupi, lakini haitacheza. Nafasi utaamua mwenyewe. Ila hii naimaliza."

"Maliza basi."

Safari hii alipima kila mguu mara mbili, akitaja namba kwa sauti, kidole kikiwa kwenye sifuri. Jasho lilidondoka juu ya mbao. Alipokwisha kuiunga kwenye kikalio alichopewa, Fundi aliketi taratibu kama jina lake. Magoti yakampanda karibu na kifua. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto. Stuli ikatulia tuli.

"Imenishusha cheo," alisema, "lakini haichezi. Kesho saa moja asubuhi, uje unitengenezee ya kumi na nane."

"Na futi ya babu, fundi?"

"Mwachie bibi yako. Aendelee kupima paka."