Salamu ya Bhoke

Mama Pooja alikuwa mtu wa kushuku. Akiletewa maziwa, atayachungulia kwanza asije akauziwa maji. Akialikwa harusini, atajiuliza wanamtakia nini. Jina lake hasa ni Kantaben, lakini mjini Shinyanga hakuna aliyemwita hivyo tangu ajifungue binti. Na Pooja mwenyewe alishaolewa Nairobi, naye mama yake alimshuku mkwe kwa simu kila Jumapili. Watu walimzoea wakamcheka. Tatizo la mtu anayeshuku kila kitu ni kwamba siku akiwa na sababu, hakuna anayemsikiliza.

Mwaka tisini na tisa alinunua kompyuta, akaiweka nyuma ya pazia katika duka lake la madaftari na vifaa vya shule, ikaunganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Kila ilipoanza kuita ililia kama jogoo aliyekabwa. Aliyewahudumia wateja wake ni Esta, yatima kutoka Runzewe, aliyeletwa kwake akiwa na miaka kumi na mitatu na sasa alikuwa na kumi na minane. Alilala katika chumba alichokiacha Pooja. Mama Pooja hakuwahi kumwambia kwamba anampenda. Alimkagua kucha, akamwuliza alikuwa wapi, na kwake hayo yalitosha.

Asubuhi hiyo alikuta begi limefungashwa chini ya kitanda cha Esta. Akalibeba mpaka dukani, akalitua juu ya kaunta.

"Unakwenda wapi?"

"Geita, Mama. Kesho. Nilitaka kukuaga leo jioni."

"Kwa nani?"

"Kwa Bhoke, rafiki yangu. Shangazi yake anafungua hoteli karibu na machimbo, anatafuta wasichana wa mapokezi."

"Huyo Bhoke umemwona wapi?"

Esta akatazama pazia. Hapo Mama Pooja akaelewa. Bhoke alikuwa ndani ya kompyuta. Kulikuwa na tovuti yenye baraza la maongezi, vijana wakiandikiana humo kwa Kiswahili, na huko ndiko Esta alikopata rafiki wa rika lake, naye yatima, naye kalelewa na watu baki. Bhoke, Esta akakiri, alimshauri aende peke yake, na asiage mapema, maana walezi wana wivu.

"Wivu!" Mama Pooja alifoka. "Mwenye nia njema hakwambii usiage!"

Akamwita Fahim, fundi wa kompyuta, ambaye duka la baba yake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Fahim akaingia na shikamoo yake, akaelezwa, akakuna kichwa.

"Kuifunga ni rahisi, Mama Pooja. Mtu akiitafuta tovuti hiyo hapa, kompyuta itamkatalia."

"Ifunge. Sasa hivi."

"Funga, kaka Fahim," Esta alisema. "Ila stendi ya mabasi hamtaifunga. Mama, wewe unamshuku hata mchungaji! Mtu mmoja tu duniani ananiuliza nimelalaje, naye unamwita mwizi."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pooja kuliko alivyoonyesha. Na yalikuwa na ukweli: akifunga tovuti leo, kesho msichana atapanda basi akiwa na hasira juu yake. Akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Haya. Mwite huyo Bhoke. Nitauliza, wewe andika. Nikishindwa kumkamata, nitakupeleka stendi mwenyewe."

Bhoke alikuwepo. Mama Pooja akamwuliza mitego yote aliyoijua. Michembe ya viazi inaanikwa siku ngapi? Akajibu sawasawa. Wasichana wa Geita wanasuka mtindo gani msimu huu? Akautaja, na bei yake. Jina la mwalimu mkuu wa shule aliyosoma? Akalitoa papo hapo na utani juu. Esta alikuwa anatabasamu sasa. Mama Pooja alimtupia Fahim jicho, maana hata yeye alimshuku kwamba ndiye anayejibu, lakini Fahim alikuwa amekaa pembeni, mikono mitupu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Mwigulu, mfugaji anayenunua betri za redio yake kila akija mjini. Esta alitoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mayu," alijibu mzee, akimwita mama kwa Kisukuma, kichwa chake kikiwa ndani ya mfuko akitafuta betri za zamani aonyeshe ukubwa wake. Hakumtazama hata aliyemwamkia.

Mama Pooja alisimama. Alingoja mzee aondoke, kisha akamwambia Esta, polepole, "Mwandikie shikamoo."

Esta akacheka. "Mama! Bhoke ana miaka kumi na minane. Atanitukana."

"Ndiyo ninachotaka. Andika."

Esta akaandika: Shikamoo. Hata kidole hakijatoka kwenye kitufe, jibu likaja.

Marahaba.

Likaja jingine, kwa haraka: Hahaha nakutania shoga yangu, unanizeesha!

"Ametania," Fahim alinong'ona. "Si kasema anatania?"

Mama Pooja alifungua mdomo, akaufumba. Alijua akiongeza neno moja tu ataharibu. Alimtazama Esta, na aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa tangu azikwe mumewe.

Esta alikuwa ameshika kifua. "Juzi mtoto wa darasa la kwanza aliniamkia shikamoo," alisema taratibu. "Niliruka kando. Nilimwambia usinizeeshe, kabla ya kitu kingine. Kwanza unaruka, Mama. Hakuna msichana anayeitikia kwanza." Machozi yakamshuka. "Huyu ameamkiwa miaka mingi. Huyu ni mtu mzima. Nami nilimwambia mpaka ndoto zangu."

Mama Pooja akamwekea mkono begani. Hakusema "nilikwambia," na kwa tabia yake hilo lilikuwa tendo kubwa.

"Funga, Fahim," alisema.

"Bado," Esta alisema. Alijifuta macho kwa kiganja. "Mkifunga hapa, mimi nimepona. Wenzangu walioko humo je? Kuna Lusia, wiki ijayo naye anakwenda hotelini kwa shangazi huyo huyo."

Akaandika barazani, mahali panaposomwa na wote: Jamani, mimi Esta. Kabla hujamfuata rafiki yeyote wa humu, mwamkie shikamoo bila kumwonya. Mzee ataitikia. Anzeni na Bhoke.

Kisha Lusia akaandika: Bhoke, shikamoo. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka maneno yakajaa kioo kizima. Jina la Bhoke likatoweka barazani bila kuaga.

Baadaye kidogo wakaanza kuamkiana wao kwa wao, wakicheka, kila mmoja akikataa kuzeeshwa. Katikati ya vicheko msichana mmoja aliyejiita Sikujua alijibu marahaba. Naye akatoweka.

Fahim akanyoosha mkono. "Niifunge sasa?"

"Ngoja," Esta alisema, macho hayabanduki kwenye orodha ya majina. "Kuna mmoja bado hajaamkiwa."

Mama Pooja akavuta kiti karibu, akakaa ubavuni mwake.