Redio ya Geti

"Unataka ya geti au ya barabarani?" muuzaji aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Baba Mapacha hakuelewa swali. Alikuwa ameingia dukani mbio, shati limemganda mgongoni, na kichwani alikuwa na jambo moja tu: lori lake lilikuwa kwenye foleni ya machimbo ya mawe, na foleni ile haikuwa na huruma na mtu.

"Redio ya upepo," alisema. "Ile ya madereva kuongea njiani."

"Nimekusikia, kaka. Ndiyo maana nakuuliza. Ya geti au ya barabarani?"

Muuzaji akaweka redio mbili juu ya meza ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ubavuni imebandikwa stika ya dhahabu ya ukaguzi. Alipoiunganisha na betri, taa ya kijani ikawaka. Baba Mapacha akachukua kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akasema haloo. Kimya. Akaiinua redio yenyewe na kuipima mkononi. Ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu.

"Mbona haiongei?"

"Inawaka," muuzaji alijibu kwa upole, kama anayemfariji mgonjwa. "Mkaguzi anaangalia taa na stika, basi. Wenzako wote wanachukua hii. Ya barabarani ni hiyo nyingine."

Hiyo nyingine iliongea vizuri sana. Bei yake nayo iliongea. Baba Mapacha alipotajiwa alicheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na la kufanya.

"Wiki iliyopita uliniambia nusu ya hiyo."

"Wiki iliyopita tangazo lilikuwa halijatoka."

Tangazo lilikuwa limebandikwa getini na kampuni ya machimbo: kuanzia leo, lori lisilo na redio halipakii mzigo. Usalama kwanza, liliandikwa kwa herufi kubwa. Chini, kwa herufi za kutafutia miwani, liliongeza kwamba gharama ni ya dereva. Baba Mapacha alipompelekea habari hiyo tajiri, yaani mwenye lori, tajiri alimwambia, "Redio ni ya mdomo wako, si ya gari langu." Kisha akakumbusha kuwa lori likilala leo bila mzigo, ufunguo utapata mtu mwingine. Hakusema kwa hasira. Madereva wasio na gari walikuwa wamejaa mpaka nje ya geti lake, na wote walimwamkia kwa adabu.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Taratibu, rafiki yake wa siku nyingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuendesha taratibu maishani mwake.

"Foleni imesogea, bwana. Uko wapi?"

"Bado dukani. Wananionyesha redio isiyoongea."

"Si ndiyo hiyohiyo niliyonunua mimi. Chukua ya geti urudi, acha maringo. Unataka kupita au unataka kutangaza mpira?"

Baba Mapacha alikata simu, akaitazama tena ile taa ya kijani. Bei yake ilikuwa nzuri. Angebaki na akiba. Angeweza kurudi nyumbani jioni na kumwekea mkewe mezani sehemu kubwa ya zile pesa za upatu, ambazo mama wa watu alizingoja kwa miezi ili anunue tangi la maji. Maji ya ndoo yalikuwa yamepanda bei tena. Mapacha walikuwa wanaoga kwa zamu, wa pili kwa maji ya wa kwanza.

Lakini asubuhi, wakati anamkabidhi pesa hizo mlangoni, mkewe alisema neno moja. "Nunua inayosikika." Kaka yake, shemeji wa Baba Mapacha, alikuwa dereva kwenye barabara hiyohiyo. Katikati ya mlima kuna mahali panapoitwa Shingo, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, njia ya gari moja tu. Shemeji alikuwa anapanda na lori tupu. Mwingine alikuwa anashuka na mawe. Kila mmoja alipiga honi, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Baada ya mazishi ndipo kampuni ikakumbuka usalama.

Akatoka dukani mikono mitupu.

Fundi wa redio alikuwa na kibanda nyuma ya duka hilohilo, kati ya mashine za kusaga na mlima wa feni zilizokufa. Baba Mapacha alimweleza shida yake akiwa bado amesimama, jicho moja kwenye saa. Fundi akachomoa chini ya meza redio nzee, imekwanguka kila upande, kipaza sauti chake kimefungwa kwa utepe mweusi.

"Sura haina," alisema fundi. "Koo inalo. Nenda nayo kule barabarani, nikuite."

Baba Mapacha alikwenda na redio na betri yake hadi ng'ambo ya barabara. Akangoja. Sauti ya fundi ikatoka, ya kukwaruza lakini nzima: "Mzito, mzito, unanisikia?" Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mzito ni lori lenye mzigo, na mtupu ni lisilo nao, na mtu aliyeyajua maneno hayo hakuwa mbabaishaji.

"Namna yake ni hii," fundi alimwelekeza wakibishana bei, huku akiizungushia waya wa antena. "Kabla hujaingia pembamba, unaita. Kama kuna mtupu anapanda, atajibu na kukusubiri. Usipojibiwa, njia ni yako."

Pesa ya upatu ilikwenda karibu yote. Alibakiwa na ya maji ya wiki.

Alipofika machimboni, lori lake lilikuwa limesukumwa pembeni, na la Taratibu halikuwepo. Lilikuwa limeshapakia na kushuka. Alifunga redio haraka haraka chini ya dashibodi, akasogea getini. Mkaguzi alikuwa ameketi chini ya mwavuli na redio yake kubwa ya mezani, mpya, ya kampuni.

"Stika iko wapi?"

"Haina stika, mkuu, ila inaongea. Iite uone."

"Sikukuuliza kama inaongea."

"Basi ikague, uibandike stika."

"Mimi sikagui redio, mzee. Nakagua stika." Mkaguzi alipiga miayo. "Stika moja ipo hapa kwenye droo. Sema droo hii ina kutu, haifunguki bila kulainishwa."

Nyuma, malori mengine yalianza kupiga honi. Baba Mapacha alitazama kijiko cha mtambo kikiwa tayari kimejaa mawe, kikisubiri mtu yeyote tu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pesa ya maji, akaiweka mezani. Alijichukia, na alimchukia mkaguzi zaidi. Droo ilifunguka bila kelele.

Alipakiwa. Alianza kushuka mlima kupeleka mzigo wake kiwandani, gia ndogo, stika ya dhahabu iking'aa kwenye ile redio iliyochubuka. Alikuwa amechelewa, lakini alikuwa kazini. Ufunguo ulikuwa bado wake. Karibu na Shingo alisimamisha gari, akachukua kipaza sauti, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Mzito anashuka Shingo. Mtupu kama upo, nijibu."

Redio ilinong'ona upepo mtupu.

"Mzito anashuka Shingo. Kuna mtu anapanda?"

Kimya. Alingoja tena kidogo, kwa ajili ya mkewe. Kila siku mahali hapo alizoea kupiga honi ndefu, kuzima injini na kutega sikio. Leo hakuona sababu. Alikuwa ameita, hakujibiwa, njia ni yake. Akaachia breki.

Alipopinda kona ya mwamba, aliona pua ya lori imejaa mbele ya macho yake.

Alikanyaga breki mpaka akasimama juu yake. Magurudumu yalilia, mawe yakagonga ubao wa mbele, gari likaserereka, likaserereka, kisha likakubali kusimama. Kati ya bampa na bampa usingeweza kupitisha bega. Vumbi lilipotulia, nyuma ya kioo cha lori la pili alikuwa Taratibu, mdomo wazi, uso umekuwa wa kijivu. Kwenye dashibodi yake iliwaka taa nzuri ya kijani.

Baba Mapacha alitoa kichwa dirishani.

"Nimekuita. Nimekuita tangu juu."

Taratibu alitazama redio yake, kisha akamtazama yeye. "Umeniita kwa nini? Si unajua ni ya geti."

"Mbona hukupiga honi?"

"Wa kwenye foleni wamenipigia simu, umenunua ya kuongea. Nikajua utaita."

Walitazamana. Mtupu ndiye hurudi nyuma, ndiyo desturi ya barabara hiyo, na Taratibu akaweka gia ya kurudi. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa linakanyaga ukingo. Kokoto zilianza kuporomoka korongoni. Hapakuwa na mtu wa kumwongoza kwa nyuma. Baba Mapacha alivuta breki ya mkono, akafungua mlango aende kumwelekeza. Ndipo redio ikakohoa, kwa mara ya kwanza tangu aondoke getini.

"Mzito, hapa geti. Kiwandani wanauliza. Mbona hujafika?"

Aliinua kipaza sauti. "Nimekutana na mtupu Shingo. Nusura tuuane."

"Haiwezekani," sauti ya mkaguzi ilisema. "Magari yote yana redio. Nimeyapitisha mwenyewe. Acha visingizio, mzee, utakatwa."

Baba Mapacha alijua jambo moja kuhusu redio hizi: ukishikilia kitufe, wewe ndiye unayesikika, na mwingine hata apige kelele vipi, hasikiki. Akang'oa kipande cha utepe mweusi, akakifunga kitufe kikiwa kimebonyezwa. Akakining'iniza kipaza sauti nje ya dirisha, upande wa korongo, kielekee kule lori la Taratibu lilikokuwa likinguruma na kurudi nyuma.

Kisha akateremka, akajipenyeza ubavuni mwa mwamba hadi nyuma ya lori la rafiki yake, akapaza sauti kwa nguvu zote ili asikike huko juu getini na huko chini.

"Rudi! Rudi kidogo! Simama. Una gurudumu moja hewani."